Picha ya meli ya abiria kwenye fremu ya zamani: wajuzi naombeni mnisomee

#1 MwanaChumbageni

Wakuu salaam. Wazee wa jukwaa, shikamooni.

Sebuleni kwa bibi yangu hapa Tanga kuna picha ya meli. Wote tumekua tunaiona pale ukutani na hakuna aliyewahi kuuliza ni meli gani. Juzi mafundi rangi wameishusha, na kabla haijarudi juu kapita jamaa mmoja anayenunua vitu vya kale. Kaitazama kidogo tu, kataja laki mbili taslimu. Hakuigeuza nyuma, hakuuliza imetoka wapi. Haraka yake ndiyo imenileta hapa.

Fremu ni ya mbao nyeusi, nzito, ina kioo. Ndani kuna kadibodi nyeupe iliyokatwa dirisha, ila sasa imegeuka rangi ya chai. Picha yenyewe ina upana wa kama sentimita 70. Meli inakuja mbele kidogo upande wa kushoto, mwili mweupe wenye mkanda mweusi, bomba la moshi moja tu, jeusi lenye mistari miwili myeupe. Chini ya omo, yaani mbele ya meli, kuna jahazi dogo la tanga moja. Jina la meli lipo pale kwenye omo lakini doa la maji limelipitia juu. Marehemu babu alikuwa karani mambo ya bandari, zaidi ya hapo sijui.

Nimeipiga picha, hiyo hapo. Ni meli gani? Imechorwa kwa mkono au imechapwa? Na je, niuze?

#2 BeiTu

Laki mbili kwa karatasi yenye doa? Uza leo leo, kesho jamaa atakuwa ameamka usingizini.

#3 DohaniNyeusi

Usimsikilize huyo, mkuu. Kwanza tuisome.

Anza na dohani, yaani hilo bomba la moshi. Kampuni za meli zilijulikana kwa dohani kama timu za mpira zinavyojulikana kwa jezi. Ingekuwa nyekundu yenye kichwa cheusi juu ya mwili wa kijivu kinachoelekea zambarau, hao ni Union-Castle. Ingekuwa ya njano yenye mistari nyeusi, nyeupe na nyekundu, ni Wajerumani wa Deutsche Ost-Afrika Linie. Nyeusi yenye mistari miwili myeupe ni British India Steam Navigation, BI wenyewe. Hawa walianza kuleta meli za barua Zanzibar kutokea Aden mwaka 1872, chini ya Mskoti William Mackinnon, ambaye baadaye ndiye aliyeongoza Imperial British East Africa Company iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kwa hiyo hiyo dohani ina habari ndefu pwani hii kuliko hata reli.

Sasa meli. Maelezo yako yananipeleka kwa ndugu wawili, Kenya wa mwaka 1951 na Uganda wa mwaka 1952. Zote mbili zilijengwa Glasgow na kiwanda cha Barclay Curle kwa njia ya London kuja Afrika Mashariki: unapita Gibraltar, Port Said, mfereji wa Suez, Aden, Mombasa, kisha unateremka Zanzibar, Dar es Salaam, Beira na kuendelea kusini. Uganda ilikuwa na tani 14,430, urefu mita kama 164, na abiria wapatao 300 wa madaraja mawili.

Ukizitazama haraka huwezi kuzitofautisha. Siri iko kwenye dohani hiyo hiyo: ya Kenya ni fupi na nene, ya Uganda imepanda juu zaidi. Chukua rula, pima dohani kutoka inapoanza hadi juu, halafu pima upana wake. Leta majibu.

#4 MwanaChumbageni

Nimepima juu ya kioo. Urefu unazidi upana waziwazi, karibu mara moja na nusu. Ila bomba limechorwa limelala kidogo kuelekea nyuma, sijui kama hilo linaharibu hesabu.

#5 DohaniNyeusi

Haliharibu. Ninaelekea kwenye Uganda. Ila msanii wa kampuni mara nyingi hakuwa na meli mbele yake, alichora kutoka michoro ya wajenzi wakati chombo bado kiko kiwandani. Kwa hiyo dohani ndefu ni dalili nzuri, si hati ya mahakama.

#6 BintiMalindi

Assalaam aleikum. Kwetu Unguja mabibi wote ukiwaonyesha dohani ile watakwambia "hiyo Karanja hiyo". Hata kama si yenyewe!

Bibi yangu mzaa mama anahadithia jirani zake walivyokuwa wakirudi Bombay kwa meli hiyo ya Karanja. Wenye nafasi walikuwa na chumba, wengine abiria wa deki, wanapanda na magodoro yao, birika na masufuria, kila familia inatandika pahala pake. Jee, kaka Dohani, una hakika picha hiyo si Karanja?

#7 DohaniNyeusi

Waaleikum salaam dada. Karanja na mwenzake Kampala zilikuwa za njia nyingine kabisa ya kampuni ile ile, yaani Bombay, Shelisheli, Mombasa, Zanzibar, Dar, hadi Durban. Kampala ni ya mwaka 1947, Karanja 1948, kila moja na tani elfu kumi na kitu. Karanja ilidumu kuliko wenzake, mwaka 1976 ikauzwa kwa Shipping Corporation of India ikapewa jina la Nancowry. Nikiitazama picha ya MwanaChumbageni naona meli ya njia ya London: sitaha za abiria zimekaa katikati kama jumba, na mbele kuna nafasi kubwa ya mizigo.

Na hiyo habari ya magodoro ni muhimu. Picha za kampuni hazikuionyesha hata siku moja. Kwenye michoro ya matangazo sitaha huwa na watu wanne wenye kofia, basi.

#8 FundiFremuKkoo

Nimeona mnajadili historia, mimi naongelea mbao na karatasi maana ndiyo kazi yangu.

Mkuu, la kwanza: USIFUNGUE kwa bisibisi ya jikoni. Karatasi iliyokaa miaka mingi kwenye hewa ya bahari huweza kuganda kwenye kioo. Ukivuta, rangi inabaki kwenye kioo. Tazama kwa ubavu ukiwa na tochi: sehemu zilizoganda zinang'aa kama zimelowa. Ukiziona, acha, peleka kwa mtu anayeshughulika na karatasi za kale, si fundi wa fremu tu, hata kama ni mimi.

Kujua kama imechorwa kwa mkono au ni chapa, washa kamera ya simu uisogeze karibu kabisa na anga au bahari, usitumie mwanga wa simu. Ukiona vidoti vidogo vilivyojipanga kwa mistari, vya buluu, waridi, njano na vyeusi, hiyo ni chapa ya mashine. Ukiona punjepunje zisizo na mpangilio kama mchanga, yawezekana ni chapa ya jiwe, ambayo ni ya thamani zaidi. Ukiona mistari ya brashi na rangi imeinuka, hapo tukae chini tuongee.

Hiyo kadibodi rangi ya chai ndiyo adui aliyemo ndani ya nyumba. Kadibodi za zamani zina asidi, inaingia kwenye karatasi ya picha na kuacha mstari wa kahawia kuzunguka dirisha. Nyuma vilevile, wengi waliweka ubao mtupu au boksi la sabuni. Ukibadilisha, omba kadibodi isiyo na asidi, na picha isiguse kioo. Ishikwe kwa vipande vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, inayotoka kwa maji. Seloteipu ni haramu.

Ukutani napo. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua unyevu wenye chumvi. Bandika vizibo viwili nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, na usiitundike inapopigwa na jua la saa kumi.

Fremu yenyewe usiitupe. Mbao nzito nyeusi ya aina hiyo leo huipati kwa hiyo laki mbili.

#9 KijiweNongwa

Mnasumbukia meli ya mkoloni. Iliwaleta mabwana shauri, ikaondoka na katani na pamba yetu. Na huyo mchoraji hajui bahari: moshi na bendera za meli vinaelekea nyuma, tanga la jahazi limejaa upepo kuelekea mbele. Upepo gani huo wa pande mbili?

#10 MzeeKilindini

Mwanangu Kijiwe, hapo kwenye upepo mchoraji yuko sawa, tulia nikueleze.

Meli hiyo ilikuwa inakwenda mwendo wa noti 16 na zaidi, yaani maili 16 za bahari kwa saa. Tuseme inashuka kusini msimu wa kaskazi, upepo unatoka nyuma yake noti 10. Aliyesimama sitahani haoni upepo wa nyuma, anaona upepo wa noti 6 unampiga usoni, kwa sababu meli inaupita upepo. Moshi na bendera vitalala kuelekea tezi, yaani nyuma ya meli. Jahazi hapo chini linasukumwa na kaskazi ile ile, haliwezi kuupita upepo, kwa hiyo tanga limejaa kuelekea omo. Aliyechora hilo amewahi kusimama ufukweni akatazama, au amefundishwa na baharia. Nimefurahi sana kuliona.

Alipodanganya ni kwenye ukubwa. MwanaChumbageni, pima jahazi na meli utuambie.

Kuhusu ukoloni, sikupingi. Lakini ukitaka kuieleza picha, eleza na ambao hawamo. Meli hizi hazikujipakia. Makuli wa Mombasa walisimamisha kazi Januari 1947 na mji mzima ukasimama nao, Dar es Salaam wakafuata mwaka huo huo, Zanzibar ikawa 1948. Hiyo Uganda inakuja 1952, inakuta bandari ambazo mabwana wake wameshajua kuwa kuli akikaa chini, meli haiondoki. Na kwenu Tanga meli kubwa haikugusa gati. Ilitia nanga nje, katani ikapelekwa kwa matishari, robota kwa robota, hadi miaka ya karibuni kabisa walipochimba kina. Karani wa bandari kama babu yako kazi yake ilikuwa kuhesabu robota hizo zikishuka na kupanda. Ndani ya meli mastiwadi walikuwa Wagoa, na mabaharia wa sitaha na wa injini ni Wahindi walioandikishwa huko kwao. Utawatafuta kwenye picha macho yakuume.

#11 KijiweNongwa

Mzee hapo kwenye upepo nimekaa. Kwenye mkoloni bado nimesimama.

#12 MwanaChumbageni

Nimepima. Meli kutoka omo hadi tezi sentimita 52. Jahazi sentimita 2 na nusu.

#13 MzeeKilindini

Basi hesabu hiyo hapo. Meli mita 164 ni sentimita 52, kwa hiyo jahazi la sentimita 2.5 linatoka mita 8 hivi. Jahazi la tanga moja kama ulivyoeleza lilikuwa mita 15, na mengi zaidi. Na liko mbele ya meli, karibu na mtazamaji, kwa hiyo lilipaswa kuonekana kubwa zaidi, si dogo. Limepunguzwa nusu au zaidi ili meli ionekane mlima.

#14 DohaniNyeusi

Mzee umemaliza. Ni mbinu ya zamani ya matangazo ya meli: weka mashua ndogo chini ya omo na kila mtu ataona jitu. Aliyeifikisha kileleni ni Cassandre, msanii wa Ufaransa aliyezaliwa Kharkiv, kwenye bango lake la meli ya Normandie la mwaka 1935. Meli unaiona kutoka mbele kabisa, ukuta mweusi unaopanda hadi juu ya karatasi, na pale chini omo inapokata maji kuna ndege wadogo weupe. Bila wale ndege usingejua ni kubwa kiasi gani. Ukifunika ndege kwa kidole, meli inasinyaa. Jaribuni.

#15 Kifaranga_wa_Kisutu

Hilo bango ninalo sebuleni! Nimelipata mtandaoni kwa bei ya chipsi. Kumbe mimi tajiri?

#16 DohaniNyeusi

Hapana mkuu, una chapa ya juzi. Bango halisi la 1935 lilichapwa kwa litografia, ile chapa ya jiwe, urefu wake mita 1, na mnadani linakwenda maelfu mengi ya dola. Litazame kwa kamera kama Fundi alivyoelekeza, ukikuta vidoti vya rangi nne vimejipanga, furahia sebule yako. Meli yenyewe iliungua New York Februari 1942 wakiigeuza kubeba askari, ikalala ubavu gatini kwa maji ya wazima moto. Bango limeishi kuliko chuma.

Na kuna michoro iliyokufa pamoja na meli. Norman Wilkinson alichora bandari ya Plymouth kwa ajili ya chumba cha kuvutia sigara cha daraja la kwanza kwenye Titanic. Ilitundikwa juu ya meko, ikazama nayo 1912. Wilkinson huyo huyo mwaka 1917 ndiye aliyebuni kuzipaka meli wakati wa vita mistari ya kuchanganya macho ya nyambizi za adui. Yaani mchoraji aliyejua kuionyesha meli ndiye aliyejua kumchanganya anayeitazama.

#17 MswahiliWaClyde

Salaam kutoka Glasgow. Nimechelewa uzi, ila mimi napita Whiteinch ilipojengwa hiyo Uganda. Kiwanda hakipo, lakini ile winchi kubwa ya Barclay Curle bado imesimama ukingoni mwa mto, unaiona kutoka mbali.

Niongeze jambo moja ambalo huwa linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya jeti yenye abiria wa kulipa, na ilitua Entebbe. Meli ya Uganda ilianza safari yake ya kwanza Agosti mwaka huo huo. Yaani jeti ilitua Uganda nchi kabla Uganda meli haijaondoka London! Mteja wa daraja la kwanza alishaonyeshwa mlango wa kutokea kabla rangi ya meli haijakauka vizuri. Comet zikaja kupata ajali mbaya na kusimamishwa, ikawapa meli miaka kadhaa ya kupumua, lakini hesabu ilikuwa imeshaandikwa. Mwaka 1967 Suez ikafungwa na vita, na njia hiyo ikakatika. Kenya ilikatwa vyuma La Spezia, Italia, mwaka 1969.

Uganda ilipona kwa kugeuzwa Hamburg kuwa meli ya safari za wanafunzi. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ikaichukua kuwa hospitali kwenye vita vya Falklands, ikatibu majeruhi zaidi ya 700, Waajentina wakiwemo. Ndipo ikauzwa chakavu Taiwan mwaka 1986, na huko tufani ikaitupa ufukweni Kaohsiung kabla wakata vyuma hawajaigusa.

Kwa hiyo, MwanaChumbageni, hapa Uingereza kuna watu waliosafiri nayo wakiwa watoto wa shule na askari waliotibiwa humo. Wanunuzi wa picha zake wapo. Jamaa wa laki mbili huenda anawajua.

#18 BeiTu

Sasa hapo mmenigusa. Nyanyua bei iwe milioni.

#19 MwanaChumbageni

Wakuu mrejesho.

Nimeipeleka kwa mtu anayetunza nyaraka za zamani, tukaifungua pamoja. Kwa bahati haikuganda kwenye kioo, ni doa tu la maji lililoshuka kutoka juu. Nyuma palikuwa na ubao mwembamba umeanza kuliwa na mchwa, umeishia sentimita chache kabla ya karatasi.

Ni chapa. Vidoti vimejipanga kwenye anga lote, sihitaji hata lenzi. Ile kadibodi ilipotolewa, chini kumetokea jina la kampuni, British India, na majina ya meli mbili kwa pamoja, Kenya na Uganda. Picha moja imetumika kutangaza zote mbili! Kwenye omo, baada ya kuangalia kwa mwanga wa pembeni, herufi za mwisho mbili zinasomeka kama D na A.

Nyuma ya karatasi kuna mhuri wa wino wa zambarau wa Smith Mackenzie, Tanga.

#20 DohaniNyeusi

D na A, na dohani ndefu. Ni Uganda, hapo sina ubishi tena na nafsi yangu.

Mhuri huo ndio mali. Smith Mackenzie walikuwa mawakala wa BI pwani yote, walianzia Zanzibar miaka ya 1870. Picha za namna hii zilitumwa kwa mawakala zitundikwe mezani pa tiketi. Chapa yenyewe zilichapwa nyingi, lakini yenye mhuri wa ofisi ya Tanga, ndani ya fremu yake ya hapo hapo, hiyo ni nyingine. Usikubali mtu aitoe kwenye fremu akuachie mbao, wala achukue karatasi bila mhuri kupigwa picha.

#21 FundiFremuKkoo

Doa liache lilivyo. Atakuja mtu kukwambia alisafishe kwa klorini au kwa mkate. Mkate kwa chai. Huo ubao wa mchwa choma leo, na fremu iweke ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa ukaichunguze kama inatoa unga kabla hujairudisha ukutani.

#22 MwanaChumbageni

Asanteni sana. Bibi kasema haiuzwi, na alivyosema hakuna mjadala. Ametaka jahazi lisifunikwe na kadibodi mpya, maana ndilo alilokuwa analiangalia yeye. Jamaa wa laki mbili amepiga simu, kaambiwa na bibi mwenyewe.

#23 UmmNasserMuscat

Assalaam aleikum jamaa. Nimesoma uzi wote toka Muscat, watu wa Unguja tuko wengi huku. Mie nina picha ya marehemu baba, ndogo, dohani ile ile nyeusi na mistari miwili, lakini meli fupi na mwili mweusi. Baba alikuwa akisafiri nayo Bombay na Basra. Yaweza kuwa Karanja?

#24 DohaniNyeusi

Waaleikum salaam mama. Hapana, hiyo ni njia ya Ghuba. BI walikuwa na ndugu wanne huko: Dumra, Dwarka, Dara na Daressa, zote zilijengwa kati ya 1946 na 1950. Dara ndiyo iliyolipuka karibu na Dubai Aprili 1961 na kuua watu zaidi ya 200. Dwarka ilidumu hadi 1982, ya mwisho kati ya hao wanne. Kwa nje zinafanana mno, dohani haitatusaidia kuchagua, itabidi tusome jina. Piga picha omo na tezi kwa karibu, taa iwe pembeni si mbele, na nyuma ya fremu pia kabla hujagusa msumari wowote.